Kisanduku cha Marehemu Mustafa

Mustafa alipofariki aliacha mjane, gitaa lililovunjika shingo, na kisanduku cha chuma cha kukuzia sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye spika. Kilikuwa cha zamani, cha valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu kama kaa la moto. Rashidi, aliyefundishwa gitaa na huyo marehemu, alikitamani tangu ujana wake. Yeye alikuwa na amplifaya mpya, ya kelele nyingi, lakini sauti yake kavu, kama ya mtu mwenye mafua. Sauti ya Mustafa ilikuwa nene. Na kisanduku kama kile hakikuwepo katika duka lolote la mtaani kwao Chikongola.

Basi akangoja arobaini ipite, maana heshima ni heshima, ndipo akaenda kwa mjane, Bi Nasra. Mama wa watu alikuwa bado edani, akamjibu kutoka nyuma ya pazia.

"Umechelewa, mwanangu. Sabra alikichukua siku ile ya arobaini. Alijitwika kichwani akacheza nacho uani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu."

"Sabra wa maandazi? Kwani ni ndugu yenu?"

"Ni mtani wa mume wangu, tangu enzi za bibi zao. Mtani akichukua hanyang'anywi. Kitu kinakombolewa kwa anachotaka yeye mtani. Ila usikasirike. Ukimkasirikia mtani, umemwachia."

Rashidi akaona hilo jepesi. Yeye mtu mpole, kila mtu anamjua.

Alfajiri akaenda kwenye banda la Sabra, njia ya kuelekea bandarini, wanaponywea chai madereva wa malori ya korosho. Kisanduku alikiona kabla hajasalimia. Kilikuwa juu ya meza, kimechomekwa umeme, vichupa vinawaka. Juu yake limekaa beseni la unga wa maandazi, limefunikwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mkwe. Umekuja kumwona mke wako?" Sabra akapigapiga kile chuma. "Kina joto zuri hiki. Paka wa marehemu alikuwa akilala hapa juu, ndipo nilipopata akili. Unga wangu unaumuka upesi, hata hamira natia kidogo."

Madereva wakacheka. Rashidi naye akacheka, kidogo. Akamuuliza anataka nini.

"Jogoo. Mwenye sauti kuliko wewe."

Kesho yake akaleta jogoo mwekundu. Sabra akampindua, akamtazama, akamwambia jogoo, "Pole, umeletwa na mwanamume mkavu." Rashidi akavumilia. Ikabaki kukabidhiwa tu. Lakini Sabra alipoinua beseni, unga uliokuwa umefurika ukateleza, tone zito likaanguka kwenye matundu ya kisanduku, na ndani kukasikika *tsss*.

"We mama, una wazimu?" Rashidi akapaza sauti, akamsukuma mkono. "Unaharibu kitu usichokijua!"

Madereva wakaweka vikombe chini.

Sabra hakukasirika, hakucheka pia. Akafuta matundu kwa ncha ya kanga, akarudisha beseni mahali pake.

"Haya. Sasa kimekuwa changu. Jogoo mchukue."

Rashidi akarudi kwa Bi Nasra kumwomba aseme neno. Mjane hakutoka nyuma ya pazia.

"Nilikwambia, mwanangu," akasema. "Siwezi kuvunja utani wa mume wangu."

Siku kadhaa Rashidi hakupita njia ile. Halafu asubuhi moja akaja na gitaa, na spika kwenye bodaboda. Akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, bibi. Sitaki kukichukua. Naomba kuchomeka waya tu."

"Na unga wangu?"

"Ukae hapo hapo."

Sabra akamtazama, akamsogezea kigoda kwa mguu. Rashidi akachomeka, akapiga nyuzi mbili, kisha wimbo ambao Mustafa alipenda kuanzia nao harusini. Sauti ikatoka nene, ile ile. Dereva mmoja akasahau andazi mkononi. Sabra alikuwa amewapa mgongo, anakanda, na mikono yake ikaenda polepole kuliko kawaida.

"Mkwe," akasema bila kugeuka, "kumbe huyu marehemu hakuondoka kabisa. Kesho uje mapema."

Anakuja mpaka leo. Harusini anapiga kwa amplifaya yake kavu. Sauti nene anayo alfajiri tu, pale bandani. Unga ukishaumuka, Sabra huchomoa waya, hata kama wimbo haujaisha.