Kipimo Kilichokataa Kuzama

"Basi mu uani hii yote, ni mie peke yangu niko na mikono?" Mama Onema alikuwa ameshajikaza kitenge kiunoni, na yeye akijikaza kitenge, hata mbuzi wanasogea kusikiliza.

"Weye ndiyo mupika pombe wa hapa," Zéphirin akajibu. "Na kipimo changu kinapanda. Tangu lini pombe inarudi nyuma?"

Ndiyo kwanza nilikuwa natua furushi langu, natoka mji wa Kama kwa dada yangu, nikakuta uhondo umeiva bila mimi. Iliniuma! Nikamvuta Mama Sharifa, jirani yangu wa mlango wa pili, anipe habari tangu mwanzo.

Habari yenyewe ni hii. Zéphirin, karani wa stesheni, kijana wa Obokote aliyepanga chumba kwetu, aliachiwa zawadi na shefu wake Mbelgiji aliyekwenda Ulaya kwa konje, likizo yake: kopo la kimea, bahasha ya hamira, karatasi ya maelezo ya Kifaransa, na kipimo cha kioo, chembamba, chenye mistari ubavuni. Unakitia ndani ya pombe. Sukari ikiwa nyingi, kinaelea juu. Hamira ikiendelea kuila sukari, kinazama polepole mpaka mstari wa kumi. Hapo ndipo unajaza chupa. Ukijaza mapema, chupa zinalia kama bunduki na nyumba inabaki vipande vya kioo.

Na leo ndiyo siku Mzee Jérôme anatoka Kailo kuja kusema kama anamtoa binti yake Adèle aolewe na Zéphirin au hamtoi. Zéphirin amemuahidi bia ya chupa kama ya Wazungu, akaitia ichachuke ndani ya pipa hapo uani. Chupa zenyewe zilikuwa zimepangwa ukutani, zimeoshwa, zinang'aa, tupu.

"Kilianza arobaini," Mama Sharifa alininong'oneza, mnong'ono wa kufika sokoni. "Kikashuka hadi kumi na tano, tukampigia vigelegele. Kuamka, ishirini na mbili! Akasema kioo ni kibovu. Akakitia mu maji matupu, kikakaa kwenye mstari wa sifuri sawasawa. Akasema ni mapovu yanakibeba. Akakizungusha na vidole, mapovu yakatoka, kikabaki palepale. Akasema ni hili joto letu. Akachota kikombe, akakipoza mu maji baridi, kipimo kikapanda tena mustari moja! Mwanamume alitaka kulia."

Kioo kikiwa kizima, na mapovu hayana kosa, na joto limesingiziwa tu, nani anabaki? Jirani.

"Uliweka nini mu pipa yangu?" Zéphirin akamuuliza tena Mama Onema.

"Kuweka? Mie sikuweka kitu. Nilirudisha! Kama kila muntu!"

"Ulirudisha nini?"

"Maji ya miwa. Si weye mwenyewe ulikuwa unatuita, 'Karibuni, muonje, muonje'? Tukaonja. Sasa muntu aonje pombe ya mwenzake mbele ya siku yake, na aende hivi hivi? Kwenu Obokote munafanyaka nini?"

"Tunasema asante!"

"Asante!" Mama Onema akatugeukia. "Mumesikia? Asante!"

Uani kwetu asante haitoshi. Ukionja chungu cha mtu kabla hakijaiva, unarudisha kitu kitamu kidogo ndani yake, kusema: nitakuja tena, tutakunywa pamoja. Anayeonja na kuondoka mikono mitupu, huyo amefunga mlango. Na Zéphirin, kwa kupenda sifa, alikuwa amewaita wote, asubuhi na jioni.

"Nani mwingine alirudisha?" akauliza, sauti imepungua.

Mikono ikainuka. Mmoja, mwingine, mpaka ule wa Mama Sharifa.

"Na weye, mama? Weye Mwislamu!"

"Mie sikuonja, mwanangu. Nilinusa tu. Nikarudisha ya pua."

Zéphirin akakaa chini, mikono kichwani. "Hamira inakula, inakula, inataka kumaliza, ninyi munaipakulia tena! Ninyi ni watu gani?"

Mlangoni mtu akakohoa. Mzee Jérôme, kofia mkononi, vumbi la njia ya Kailo mpaka magotini. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Zéphirin akainuka. Nitampa haki yake, hakudanganya. "Baba, bia haijaiva. Sina hata chupa moja ya kukupa."

"Onjesha."

Akachotewa kikombe. Akanywa, akauzungusha ulimi. Akakirudisha kikombe.

"Asante," akasema.

Uso wa Zéphirin ukachanua. Maskini! Sisi tulikuwa tunatazamana, tumeshika vifua. Asante, basi? Mzee akavaa kofia yake. Akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Adèle wa watu, nikawaza, ndiyo kwaheri.

"Hapa kwenu," mzee akauliza, "maji ya miwa iko wapi?"

Mama Onema alikuwa ameshamletea kibuyu kabla hajafunga kinywa. Mzee akamimina ndani ya pipa, si kidogo. Kipimo kikatikisika, kikainuka, mstari juu ya mstari. Zéphirin akafungua mdomo kupiga kelele.

Mama Onema akamkanyaga mguu. "Nyamaza. Amekupa muke."

"Itaiva," Mzee Jérôme akasema, akikung'uta kibuyu. "Nitarudi kuinywa na Adèle mwenyewe."

Tulipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Zéphirin peke yake alikuwa ameinama juu ya pipa, anasoma mistari, anasonya.

Mama Sharifa akasukuma mlango wake, harufu ya sombe ya majani ya muhogo na samaki ikajaa uani. "Baba Jérôme, karibu, ingia ule. Ingieni wote, tutabanana. Na weye mwenye kioo, kiache kipumzike, ingia ule!"