Mabamba ya Ukuta wa Magharibi

Manispaa yetu hapa Riyadh iliwatisha watu kwa barua miaka mingi ili wajenge nyumba zisizokula umeme. Hakuna aliyejali. Mwaka huu ikabadili mbinu: ukijaza mabamba ya kuzuia joto ndani ya kuta, unapewa kibali cha kuongeza chumba juu ya paa, tena ndani ya wiki moja. Ghafla mtaa wetu wote wa Suwaidi ukawa na huruma na mazingira.

Bosi wangu Saif, Mzanzibari aliyezaliwa hapahapa, alikitaka chumba hicho juu ya nyumba yake tuliyokuwa tukiijenga, ili amkimbie mama mkwe wake. Ilibaki saini ya kuthibitisha kwamba mabamba yamo ukutani, yangu mimi, Nekesa, injinia wa mwaka wa kwanza, ninayekiomba radhi hata kiti nikijikwaa nacho.

Asubuhi ya ukaguzi niligonga ukuta wa magharibi. Ukalia kama debe tupu.

"Hashim, mabamba yako wapi?"

Msimamizi wa mafundi akaangalia viatu vyake. "Injinia, joto digrii arobaini na nane, na sisi watu kumi twalala kibanda cha mabati. Tumeyapigilia darini."

Nikisema, Saif atawang'olea mabamba yao. Nikisaini, nitakuwa mwongo mwenye shahada.

"Saini, mwanangu," Saif alininong'oneza mkaguzi alipofika. "Nani ataona ndani ya ukuta? Kwani yeye mashine ya eksirei?"

Mkaguzi, Bi Rania, alilelewa na bibi wa Unguja, kwa hiyo alielewa kila neno la Kiswahili chetu. Akatafuta kivuli cha kuandikia ripoti. Hapo Hashim, Mmombasa asiyeweza kumwona mgeni amesimama juani na chai ipo, akatukaribisha sote kibandani.

Saif akajitupa mkekani. "Alhamdulillahi! Mbona huku kuna ubaridi kuliko kwangu? Mmeweka AC?"

"Mafi AC, bosi, hakuna," Hashim akajibu, akimimina chai.

Bi Rania akainua macho darini, kisha akanigeukia. "Injinia, ukuta wa magharibi una mabamba?"

"Hauna. Na sisaini."

"Hashim!" Saif akafoka. "Yang'oe sasa hivi, yarudi ukutani!"

"Yameshatobolewa misumari, baba," nikasema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. "Hayafai tena. Na hawa watu watalala wapi?"

"Yaliyotoboka siyapitishi," Bi Rania akasema. "Vunja ukuta, weka mapya, uniite. La sivyo, mafi chumba."

Saif akamfikiria mama mkwe. Akamfikiria kwa muda mrefu.

"Halas, basi, vunjeni. Lakini kesho." Akajinyoosha mkekani, akafumba macho. "Na mfunge huo mlango, joto linaingia."