Jibu la Mlango wa Simone

Jioni Kisimba alipoingia Kapata, mtaa wa wachimba shaba, akisukuma baiskeli yake, Simone alikuwa mlangoni akichekecha unga wa mahindi wa kupikia bukari, na bintiye Laure amelala mgongoni. Kisimba alikuwa mtangazaji wa komini, yaani serikali ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba safu kwa safu na kipaza sauti, kuwajulisha wakazi yale ambayo serikali yao imewafanyia, au inakusudia kuwafanyia, au ilikusudia zamani na bado haijasahau kabisa. Mabomba yatafunguliwa lini, mtaro upi utazibuliwa, watoto watachanjwa wapi. Mitaro haikuzibuliwa, lakini betri za kipaza sauti hazikukosekana hata siku moja.

Desturi ilikuwa hii, tangu enzi kampuni ya mgodi ilipokuwa ikiwagawia watu nyumba na unga na vitanda: mtangazaji hahami safu mpaka kila mlango umemwitikia "Tunasikia." Mlango mmoja ukinyamaza, anasimama pale pale na kurudia tangazo. Kwa hiyo watu wa Kapata waliitika hata tonge likiwa mdomoni, na mume na mke waliokuwa wakigombana walinyamaza kidogo, wakaitika pamoja, kisha wakaendelea walipoishia.

Jioni hiyo Simone aliona kinywa cha Kisimba kikifunguka na kufumbika nyuma ya kipaza sauti, asisikie neno. Alisikia mnyororo wa baiskeli. Alisikia kuku, na pumzi za Laure. Akasikia majirani wakiitika mmoja baada ya mwingine, kisha kimya, na Kisimba akimtazama.

"Mama Laure, jibu basi," alisema Odile, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye naye aliitwa Mama Dady kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mi sisikii kitu. Anasema nini?"

"Mayi itakuya kesho asubuhi. Anasema tujaze mabidon." Odile aligeuka, akapaza sauti. "Tunasikia! Na kwa Mama Laure banasikia."

Kisimba akasukuma baiskeli kwenda safu inayofuata.

Haikuchukua muda kujulikana kwamba ilikuwa hivyo katika kila nyumba ambayo wazee wake walitoka Kasai, mkoa wa jirani. Hakuna aliyestaajabu. Muteba, mume wa Simone, alikwenda zahanati, muuguzi akamchungulia masikio, akayakuta safi, akasema kwamba msimu huu Wakasai ndivyo walivyo. Kule mgodini Mutoshi, alikokuwa akifanya kazi, wenzake wa Kasai walikuwa vile vile. Masikio yao hayakuwa na kasoro kwa mambo mengine. Walisikia mvua, walisikia misa, na matusi ya barabarani waliyasikia vizuri sana.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema afanyeje yule ambaye la mkuu halimfikii.

Simone yeye alishtuka, na mshtuko ule haukumtoka. Alizaliwa katika nyumba ile. Baba yake aliletwa kwa treni kuchimba shaba, akaichimba mpaka kifua kikamkauka, akazikwa makaburi ya hapo hapo. Kasai yenyewe Simone hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Alijua harufu ya kila bomba la Kapata, na sasa ikambidi aulize kama maji yatatoka.

Lakini jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na Odile alikuwa masikio yake. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, mkoa huo huo wa Kapata, mwingi wa maneno, na kila tangazo alilileta na chumvi yake. Simone aliona kwamba mtu anaweza kuishi hivyo. Odile alimwitikia mlangoni, kisha akamweleza.

Halafu hotuba dhidi ya Wakasai zikaanza mjini, na vijana wenye fimbo wakaanza kusimama njia panda. Odile hakuacha kumwitikia. Alichoacha ni kumweleza.

"Amesema nini leo?" Simone aliuliza.

"Mambo ya komini tu," alisema Odile, akaingia ndani na nguo zake.

Asubuhi moja Simone aliona kina mama wa safu nzima wakirudi na watoto wanaolia, kila mtoto na kipande cha pamba mkononi. Surua ilikuwa imeshaingia mjini. Alimfunga Laure mgongoni, akakimbia mpaka zahanati, akakuta meza ya chanjo inafutwa. Muuguzi alimwambia kwamba tangazo lilipita safu zote na kila mlango uliitikia, hata wa kwake.

Aliporudi alimkuta Odile anaanika mihogo.

"Mama Dady, wewe njo ulinijibia."

"Nilikujibia juu Kisimba asikawie. Batu balikuwa na kazi."

"Na kunielezea?"

Odile aligeuza vipande vya muhogo vilivyokuwa tayari vimegeuzwa. "Bwana yangu alinikataza. Anasema, wenye kubasaidia nabo bataandikwa majina." Kisha akampa Simone kisahani cha mihogo, na Simone, kwa mazoea, akakipokea.

Kwa bahati Laure hakuugua.

Jumapili baada ya misa Kisimba alikuja mchana, si saa zake. Simone alikuwa ndani. Dari la sebule yao lilikuwa limeanguka tangu siku nyingi, na kampuni haikulirudisha, kwa hiyo kila neno lililosemwa mle lilirudi mara ya pili. Akasikia kipaza sauti. Alikisikia waziwazi, kila neno, na sebule ikalirudia.

"Batu bote ba Kasai batoke mu manyumba. Baende ku gare. Komini haitalinda mutu mwenye atabakia."

Muteba, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, aliinua kichwa na kuitika, "Tunasikia." Ndivyo alivyolelewa. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, na kamba ya kiatu ikabaki mkononi.

Simone alitoka nje. Kwenye kila mlango wa Kasai alisimama mtu. Kwenye milango mingine hakuna aliyekuwa amesimama. Odile alikuwa akimnyoa nywele mwanawe Dady, anaimba kidogo kidogo wimbo wa misa.

"Mama Dady, unasikia ile anasema?"

Odile alimtazama Kisimba kwa muda. "Mi sisikii kitu. Anafungua kinywa tu."

Na ilikuwa kweli. Simone alimjua Odile anapodanganya, na hakuwa anadanganya. Safari hii tangazo liliingia kwa Wakasai peke yao. Ndiyo sababu baadaye, vijana walipopita na fimbo na magodoro yakatupwa njiani, safu nzima iliweza kuapa mbele ya padri kwamba haikusikia lolote. Simone angependa Odile awe mwongo.

Ufunguo alimwachia yeye. Angempa nani mwingine?

"Uniangalilie nyumba."

"Utarudia, mama. Hii mambo itaisha."

Walikaa gare, kwenye kituo cha treni, juu ya vifurushi vyao, kwenye mvua na kwenye jua, pamoja na nusu nzima ya Kapata, mpaka treni ilipokuja. Surua ilikuwa pale pale kati ya vifurushi, na si watoto wote waliokuja na wazazi wao waliopanda. Simone alimfunika Laure kwa kanga mbili na hakumwonyesha mtu.

Huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, walipokelewa na shangazi ya Muteba. Simone alimwamkia "Moyo," salamu ya Kasai, na watoto wa uani wakacheka namna alivyolitamka. Wakamwita Mkatanga. Alipewa kona ya kupikia na chekecheo la kuazima.

Jioni ya kwanza, akiwa anachekecha unga, alisikia mnyororo wa baiskeli. Kisha sauti ya Kisimba, waziwazi, kutoka Kapata: bomba la safu yao limetengenezwa, maji yatatoka asubuhi na jioni. Simone alimtazama Muteba. Muteba naye alikuwa amesikia.

Kuanzia hapo hawakukosa tangazo. Mtaro umezibuliwa. Chanjo imerudi, walioikosa mara ya kwanza waje. Kapata ilikuwa haijawahi kuhudumiwa hivyo. Majirani wakiitika mmoja mmoja, ukifika mlango wao kulikuwa na kimya, na katika kimya kile Simone alimjua Kisimba amesimama na baiskeli yake, anangoja. Basi alitua chekecheo, akaitika, "Tunasikia." Mnyororo ukazunguka. Shangazi alimwambia apunguze sauti, jirani yake ana mgonjwa. Simone aliona vibaya kuwakawiza watu wa Kapata, hata kama wao walikuwa kimya siku ile ya kufukuzwa. Tena, aliyeitika bado ni mwenye mlango.

Mvua zilipokwisha, Kisimba alikuja na tangazo refu.

"Komini inajulisha batu bote. Kapata iko salama. Hakuna mutu alifukuzwa. Kila nyumba iko na mwenyewe."

Milango ikaitika, mmoja mmoja. Ikafika kimya. Simone alikuwa ameshika chekecheo, na unga ulikuwa unadondoka juu ya miguu yake. Muteba alimtazama. Simone hakufungua kinywa. Kisimba alirudia tangazo. Alingoja, akalirudia tena, neno kwa neno, kama alivyofundishwa, na baiskeli haikusogea.

Simone aliwaza kwamba anaweza kumsimamisha pale mpaka asubuhi, na Kapata yote nyuma yake.

Ndipo mlango ukaitika. Ilikuwa sauti ya Odile, na haikutoka uani kwake. Ilitoka ndani, sebuleni kwa Simone.

"Tunasikia," alisema Odile, na nyumba isiyo na dari ikasema vile vile mara ya pili.

Mnyororo wa baiskeli ukaanza kuzunguka, kuelekea safu inayofuata.