Namkataa

Jumamosi ile, mwaka themanini na sita, katekista Machage alitupanga wazazi na wasimamizi mbele ya altare ya kigango chetu cha Nyamuswa, atuzoeshe majibu ya ubatizo wa kesho yake. Mwanangu Kasmiri nilimbeba mimi. Kando yangu alisimama mume wangu Felisian, na kando yake rafiki yake Enoka, ambaye Felisian alimchagua awe baba wa ubatizo bila kuniuliza.

Ningeulizwa ningekataa. Wakati wa msako wa magendo, Enoka alikuja na askari wenzake kwa mama yangu, Wankyo, kutafuta sabuni. Wakaikuta imefichwa chini ya pamba. Wakampiga mama kwa kitako cha bunduki, mkono ukavunjika, ukaunga vibaya. Mpaka leo hawezi kujitwisha ndoo. Kila nikilisema hilo, Felisian hunijibu, "Yameisha hayo. Mwenzio aliamriwa."

"Unamkataa Shetani?" akauliza Machage.

"Namkataa," tukaitika.

"Ndiyo, afande!" Enoka akapaza sauti, visigino vikagongana.

Kanisa zima likaangua kicheko. Dafroza, aliyebeba mjukuu wake, akasema, "Huyu hata Shetani hamkatai mpaka apewe amri!"

Enoka naye akacheka. "Mnisamehe jamani. Mdomo umezoea jeshi."

Mimi sikucheka. "Siku ile kwa mama uliitikaga hivyohivyo?"

Felisian akanigusa kiwiko. "Mama Kasmiri, tuko kanisani."

"Ndiyo maana nauliza hapa."

"Shemeji," Enoka akasema taratibu, "tulikuwaga askari. Afande akisema, unafanya. Wewe ungefanyaje?"

"Afande alisemaje hasa?"

"Tafuteni mali. Akiwa mbishi, mtieni adabu."

"Mama alikuwa mbishi?"

Akatazama viatu vyake. "Alikuwa analia."

"Na Mniko je?"

Mniko, askari mwenzao wa hapahapa Nyamuswa, walikuwa naye siku ile. Alisimama mlangoni akasema yeye hampigi mama wa mtu.

"Mniko aliadhibiwa," Enoka akajibu upesi. "Alichimbishwa choo peke yake, jua kali. Tulimcheka sana."

"Kwa hiyo mama yangu alivunjwa mkono ili wewe usichimbe choo."

"Alipigwa, sawa!" Sauti yake ikapanda. "Nimeshakubali kwamba alipigwa! Mnataka nini tena?"

"Alipigwa na nani?"

Machage akakohoa. "Mama Kasmiri, Padre anafika kesho kutoka Bunda, harudi tena mpaka baada ya Pasaka. Na surua imeshaingia Kisorya. Mfikirie mtoto."

Niliogopa, sitaficha. Nilimbana Kasmiri kifuani, nikasikia pumzi yake ya moto shingoni. Lakini nilikuwa namfikiria yeye hasa. Mtu atakayemshika mwanangu juu ya maji ndiye atakayemfundisha kusema ndiyo na kusema hapana.

"Enoka, kesho Padre akikuuliza utajibu 'namkataa', wewe mwenyewe. Hatakuuliza afande wako alisemaje. Basi anzia kwa mama. Yuko uani anachambua dagaa. Mwambie 'nilikupiga'. Ni neno moja tu. Kisha rudi umshike mwanangu, mimi nitakukabidhi kwa mikono yangu."

"Akinifukuza?"

"Atakuwa na haki yake."

Akamgeukia Felisian, kama anayengoja kuambiwa.

"Usimwangalie yeye," nikasema.

Enoka akachukua kofia yake, akatoka. Tulimfuata kwa macho. Njia ya kwa mama inakata kushoto, penye ghala la pamba. Alipofika pale alipunguza mwendo. Halafu akanyoosha, kuelekea stendi ya mabasi.

"Umeniaibisha," Felisian akasema. "Rafiki yangu, mbele ya watu wote hawa."

"Nimekuaibisha. Mimi. Hakuna aliyenituma, na yeyote akiniuliza nitamjibu hivyohivyo."

"Sasa Padre nimwambie nini?" Machage akauliza. "Msimamizi ni nani?"

Nilikuwa sijui, nikamwambia sijui.

Felisian akaenda mpaka mlangoni. Akasema, bila kunigeukia, "Mniko saa hizi atakuwa shambani kwake," akateremka ngazi.

Mimi sikumwambia aende.