Mkono wa Khaemba

Mwaka wa hamsini na saba, mume wangu Khaemba, mpakia makaa wa reli hapa Nakuru, alimwangusha Gurdas, bingwa wa mieleka aliyezunguka dunia akiishi kwa mchezo huo. Kwetu Bungoma, mgongo ukigusa chini mchezo umekwisha, na mshindi humwinua mwenzake. Khaemba akanyoosha mkono. Kumbe kwao lazima refa ahesabu mpaka tatu! Gurdas akaushika mkono huohuo, akambwaga, akahesabiwa mshindi. Nilimwita mume wangu mjinga mbele ya majirani wote.

Asubuhi Gurdas akabisha mlango. Nikashika mwiko.

“Mama, nimeangushwa nchi nyingi,” akasema. “Hakuna aliyewahi kuniinua. Nataka nisafiri na mumeo, anifundishe.”

“Ingia,” nikamwambia. “Lakini uji anaanza yeye.”