Kompyuta ya Jumatano

Torkild hakuwahi kuvua nailoni kwenye kitu kipya. Rimoti ya televisheni ilikuwa nayo tangu iliponunuliwa, simu vilevile, na saa ya jikoni ilibidi uisogelee ndipo uione inasemaje. Kitu kikivuliwa nailoni, alisema, kimeshakuwa mtumba. Gerda, dada wa marehemu mkewe, aliyekaa nyumba ya pili hapo Brædstrup, mji mdogo wa Denmark, alimwambia kila akija kunywa kahawa kwamba hata siku ya harusi bibi harusi ilibidi ajivue shela mwenyewe. Torkild alimwongezea kahawa.

Alikuwa dereva wa malori mpaka macho yakamharibikia na leseni ikachukuliwa. Tangu hapo aliendesha kwenye kompyuta tu. Kila Jumatano jioni yeye na binti yake Ragna, aliyehamia visiwa vya Faroe kwenye kazi ya kiwanda cha samaki, waliingia kwenye mchezo wa malori wakabeba mizigo ya kubuni kutoka Verona kwenda Hamburg, huku wanaongea kwa vipokea sauti vya masikioni. Torkild si mtu wa simu. Ukimpigia atauliza kama huko kunanyesha, kisha ataanza kutafuta njia ya kukata. Lakini mpe usukani, hata wa plastiki, atakusimulia mpaka jinsi kitanda kilivyo kipana siku hizi.

Siku moja Ragna akasema toleo jipya la mchezo limetoka, lina barabara mpaka Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe, theluji na kila kitu, zuri ajabu. Torkild akajaribu kuliingiza. Kompyuta yake ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba haina nguvu. Aliona wazi mwanawe atahamia Finnmark na yeye atabaki Verona na shehena ya nyanya. Akamwandikia kwamba Jumatano hizi ana mazoezi ya kwaya, kisha akaanza kutafuta vifaa vya kuunda kompyuta nyingine kwa mkono wake.

Alikuwa na kroni elfu tano, za hema la kambi aliloliuza. Akaingia kwenye kundi la mtandaoni la waunda kompyuta, akauliza anunue nini. Wa kwanza akamwambia pesa zote azitie kwenye kadi ya picha. Wa pili akasema huyo wa kwanza ni mjinga, kadi kubwa yenye prosesa dhaifu itakaa inapiga miayo. Wa tatu akamwambia aongeze mia tano tu, apate kitu cha maana. Wa nne akasema kama anaongeza mia tano, si heri aongeze elfu. Mpaka jua linazama Torkild alikuwa ameshafika elfu kumi na moja na hajanunua hata skrubu. Ndipo akatokea wa tano, akamuuliza ana haraka gani, kwa nini asingoje bei zishuke.

"Lori nalielewa," alimwambia Gerda. "Injini hii, giaboksi ile, basi. Hapa prosesa yenye namba kubwa ni dhaifu kuliko yenye namba ndogo. Bodi hii haiipokei prosesa ile, na ile inayoipokea haitaki kumbukumbu za zamani."

"Kama ndugu zako siku ya krismasi," Gerda akasema, akajipakia maini ya kusaga kwenye mkate mweusi.

Mwishowe alinunua. Kadi ya picha ya mtumba ilitoka kwa kijana mmoja wa Horsens, prosesa na feni yake vikawa vipya, na boksi la kuvitia likawa la bei ndogo kuliko yote. Akaviunganisha juu ya meza ya jikoni, akawasha. Ikawaka. Akapiga makofi peke yake. Kabla kahawa haijapoa, ikazima.

Akawasha, ikazima. Akambebesha lawama kijana wa Horsens, akaitoa kadi, ikazima vilevile bila kadi. Kundi likamwambia ni umeme. Akaazima kisambaza umeme kingine, ikazima. Akalainisha feni kwa tone la mafuta ya cherehani, na kundi zima likamtukana. Ikafika mahali Torkild anaitazama mashine kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni.

Jumatano Gerda alikuja na keki. Akaitazama mashine, akamtazama shemeji yake, akachukua simu yake mwenyewe, akampigia Ragna na kuiweka katikati ya meza.

"Baba," sauti ikasema, "kwaya inaendeleaje?"

Gerda akapaliwa na kahawa. Torkild hakuwa na pa kukimbilia. Akaeleza yote, kuanzia maandishi mekundu mpaka mafuta ya cherehani. Ragna alisikiliza, kisha akauliza polepole kuhusu ile feni, pale chini inapolalia prosesa. Alivua nailoni yake?

Torkild akaitupia jicho rimoti.

"Iko salama," akasema. "Haina hata mkwaruzo."

Huko Faroe mtu alicheka mpaka akakohoa. Torkild akafungua skrubu na kukuta nailoni imejikunja kwa joto. Akaibandua, mara ya kwanza maishani mwake, uso umekunjamana kama anayeng'oa jino. Ragna akamwelekeza apake dawa ya kupitisha joto, afunge, awashe. Kahawa ikapoa, keki ikaisha, mashine bado inanguruma.

"Haya," akasema Torkild. "Tukutane Finnmark."

"Baba, mimi niko Verona. Kompyuta yangu haifungui hilo toleo jipya, niliona picha zake tu. Kila Jumatano naegesha pale penye nyanya nakungoja, najiuliza umeokoka lini."

Torkild akaitazama mashine yake, akamtazama Gerda, aliyekuwa akiokota makombo kwa kidole. Akafungua lile toleo la zamani. Lori la Ragna lilikuwa palepale, taa zinawaka.

Wakateremka na nyanya. Alipokwisha kumsimulia habari za kitanda, na wamevuka milima, Ragna akauliza yeye naye anunue vifaa gani kwa ajili ya kompyuta yake.

Torkild akakohoa kikubwa. "Una ngapi?"

"Elfu nne."

"Ongeza mia tano tu," akasema.