Plancher ya Brezili

Kazi ya Sévère ilikuwa kujazia wafanyabiashara karatasi za duane, za kulipia ushuru wa mizigo, njo maana alikuwa anaamini karatasi kuliko macho yake. Dieudonné, muuzaji wa mbao, alimuletea moja yenye kashe nyekundu, muhuri kabisa: mbao ngumu, inatoka Brezili. Sévère hakuuliza tena kitu. Akanunua, akafunika simenti yote ya saloni na plancher ya mbao ile. Mtaa yao ya Songo nzima ikajua, maana alitangaza yeye mwenyewe.

"Siwezi kupokea bakwe juu ya mbao ya hapa hapa," aliambia bibi yake, Marie-Rose.

Bakwe walikuwa wanakuja samedi, mwisho wa juma. Mzee Sebagenzi alikuwa anashuka kutoka Lemera, kule mu milima, kuombea kijana wake Eliane, binti ya Sévère.

Jeudi, siku mbili mbele ya bakwe kufika, Marie-Rose akaokota vipande vyenye mafundi waliacha, akapikia maharagi. Akanusa moshi. Akanusa tena, akaketi. Muti unaweza kujipaka verni ya kungarisha inje, lakini mu moto unataja jina yake, na yeye alikuwa anapikia kuni tangu utoto.

"Papa Eliane, hii ni kalitusi, muti yenye kila mutu anapanda hapa."

"Weye unasoma mbao na pua?"

"Na weye ulisoma na nini?"

"Na kashe!"

Samedi, Sévère akaomba Mzee avue viatu, asikwaruze Brezili. Mzee akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole kikatoka kusalimia.

"Gonga, Mzee! Ulishaona mbao kama hii?"

Mzee akainama, akagonga, akapitisha kidole juu ya kifundo cha mbao. Mutu mwenye kuombea bibi hasemi ubaya mu nyumba ya watu.

"Iko muzuri. Hata kwetu Lemera Brezili iko. Iko nyuma ya nyumba, karibu na zizi."

"Kumbe!" Sévère akafurahi kabisa. Kijana wa Mzee, mwenye alikuja naye, akaangalia juu, ku plafon.

Marie-Rose, na sinia ya chai mukononi, akaelewa: Mzee alishajua muti. Watu wa kule juu hawakatalie mutu mu macho. Wanashukuru, wanarudi, wanasema watatuma jibu, na jibu haishuke milima. Na Mzee alikuwa ameshashika kofia yake. Kama posa inavunjika, Eliane atalia juu ya mbao ya nani?

Akaweka sinia chini.

"Mzee, utusamehe. Hii ni kalitusi. Walitudanganya, na miye nilijua tangu jeudi."

"Mama Eliane!" Sévère akashituka.

Mzee akacheka mupaka mabega ikatikisika.

"Aksanti, mama. Nilikuwa najiuliza: kama kalitusi wanaiita Brezili, huyu binti naye walimubatiza nani? Sasa nitaketi." Kofia ikalala juu ya goti. "Na musihuzunike. Zizi yangu imesimama na kalitusi miaka kumi na tano. Tena yenyewe si ya kwetu. Wazungu njo walileta mbegu, kutoka Australia."

Sévère, mwenye alikuwa ameinamisha kichwa, akakiinua polepole.

"Australia?"

"Australia."

"Iko mbali kuliko Brezili?"

"Mbali sana."

Eliane akaitwa kusalimia, mazungumuzo ya ngombe za mahari ikaanza. Sévère akaomba ruhusa kidogo, akatoka na telefone. Marie-Rose akamusikia ku mulango, sauti juu, anaambia jirani:

"Mbao ni ya Australia! Nilikosea jina ya inchi tu!"